Kompyuta ya dukani inajizima na kujiwasha yenyewe? Usikimbilie kupiga Windows

Leo tuongelee ugonjwa mmoja unaokula hela za wenye stesheni, mawakala na wenye maduka ya dawa kimya kimya. Kompyuta ya mezani, ile ya mtumba uliyonunua miaka minne mitano iliyopita, inapiga kazi vizuri tu. Ghafla skrini inakuwa nyeusi, nembo ya kampuni inatokea, mashine inaanza kuwaka upya. Hujabonyeza kitu, hujagusa waya. Na mteja amesimama mbele yako anakuangalia.

Wenye stesheni mnajua uchungu wake. Mwanafunzi amekuja kujaza maombi ya mkopo HESLB siku ya mwisho kabisa, mmeshapandisha vyeti vyote, bado ukurasa mmoja, mashine inazima. Mpaka iwake, mpaka uingie tena kwenye akaunti, mpaka namba ya siri ije kwenye simu ya mama yake aliyeko kijijini, nyuma yake watu watatu wameshahamia duka la pili. Hao hawarudi kesho kukuuliza kama imepona.

Mimi ni fundi kompyuta, wateja wangu karibu wote ni maduka madogo ya huku Dar. Nikifika dukani na kuuliza "umeshafanya nini mpaka sasa?", jibu ninalolisikia sana ni moja: "Nilimwita fundi akanipigia Windows upya." Wengine wamepigiwa mara mbili, mara tatu. Kila mara inakaa vizuri siku mbili, halafu inarudi kule kule. Na kila mara kuna kitu kimepotea: barua za wateja, fomu za mikataba ya nyumba, vile vyeti vya harusi ulivyotengeneza kwa siku tatu.

Kupiga Windows sio dhambi. Kuna siku ndiyo dawa. Tatizo ni kwamba mashine inayojizima ghafla, hasa ya zamani, mara nyingi ugonjwa wake hauko kwenye Windows kabisa. Uko kwenye umeme: kuanzia soketi ya ukutani mpaka kile kiboksi cha ndani kinachoitwa pawa saplai. Huko ndiko ninakoanzia kutafuta, na mara nyingi huko huko ndiko ninakomalizia.

ANZA NA DAFTARI

Kabla hujaita mtu, chukua daftari lile lile la mauzo, ukurasa wa nyuma. Kila mashine ikijizima andika mambo matatu: saa ngapi, ulikuwa unafanya nini kwenye kompyuta, na nini kingine kilikuwa kinawashwa pale dukani. Hilo la tatu ndilo watu wanalolisahau. Fanya siku tatu.

Nikupe mfano. Kuna dada ana stesheni, kompyuta moja, mashine ya fotokopi, mashine ya lamineshen, na pembeni jagi la umeme la chai. Kompyuta ilikuwa inajizima mara tatu nne kwa siku. Alishapigiwa Windows mara mbili, na alikuwa tayari anataka kuchukua hela ya kikoba akanunue kompyuta nyingine. Nikamwomba anipe siku tatu za daftari tu, hela yake aishike kwanza.

Daftari lilikuja na mistari kumi na mmoja. Minane ilifanana: fotokopi imekaa bila kazi kama nusu saa, mteja kaja na kitambulisho, dada kabonyeza kopi, kompyuta ikaenda. Mitatu iliyobaki yote ilikuwa kati ya saa 8 na saa 10 mchana, hata akiwa anachapa barua tu. Windows gani hiyo inayojua kwamba jirani yake fotokopi ameamka?

KWA NINI FOTOKOPI IIZIME KOMPYUTA

Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana ukilielewa hili hutadanganywa tena.

Mashine ya fotokopi na printa ya leza zinaunguza wino wa unga kwenye karatasi kwa joto. Ndani kuna rola inayopashwa moto. Zikiwa zimelala hazili umeme wa maana. Ukibonyeza kopi, ile hita inavuta umeme mwingi kwa mpigo. Kwa fotokopi inaweza kufika wati 1,000 na zaidi. Jagi la chai nalo linakula wati 1,500 hadi 2,000 na kitu. Kompyuta yako ya ofisini ya zamani, yenyewe na skrini yake, haifiki hata 200.

Sasa vyote viko kwenye ekstensheni moja, ile ya bei rahisi yenye waya mwembamba kama kamba ya kiatu. Fotokopi ikivuta, umeme kwenye ekstensheni nzima unashuka kwa nukta ya sekunde. Taa inapepesa kidogo, wewe hata huoni. Pawa saplai ya kompyuta inaona.

Pawa saplai nzima imetengenezwa ivumilie hali hiyo. Ndani ina kapasita kubwa zinazohifadhi umeme kidogo, na umeme wa ukutani ukipotea kabisa inaweza kuendelea kuibeba kompyuta kama milisekunde 16 hivi. Ni kidogo sana, lakini mipepeso mingi inapita hapo bila wewe kujua. Kapasita zikizeeka, akiba ile inapungua. Ndiyo maana utaona duka lina kompyuta mbili kwenye umeme ule ule, mpya inadunda, ya zamani inajizima. Watu wanasema "hii ina virusi". Hapana, hii imechoka pumzi.

Na kwa nini ijiwashe tena, isikae imezimwa tu? Kwa sababu pawa saplai inatuma ishara kwenye madabodi muda wote, kuiambia kwamba umeme uko sawa. Ishara ikikatika na kurudi, madabodi inaanza upya kama umebonyeza kitufe. Halafu kuna mipangilio ya BIOS inayoamua mashine ifanye nini umeme ukirudi: ibaki imezimwa au ijiwashe. Kompyuta nyingi za maofisini zinakuja kwetu zikiwa zimeshawekwa zijiwashe. Ingia BIOS, tafuta sehemu ya umeme, iweke ibaki imezimwa. Kisha subiri. Ikitokea siku imezima na kubaki imezima, hapo umepata ushahidi kwamba umeme ulikatika kwake kabisa. Ikiendelea kujiwasha, hujapoteza kitu, umeme bado haujatoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

MAMBO YA BURE KWANZA

Nakili mafaili yako. Leo, kabla ya kugusa chochote. Flashi, hadi diski ya nje, akaunti ya Google, popote palipo nje ya hiyo mashine. Kila inapozima ghafla ikiwa katikati ya kuandika, inaweza kuharibu faili lililo wazi au hata Windows yenyewe. Mara nyingine hapo ndipo Windows inapoharibikia kweli: inaharibika kwa sababu ya kuzimwa ovyo, halafu inaonekana kama yeye ndiye chanzo.

Baada ya hapo, itoe kompyuta kwenye ekstensheni. Ichomeke peke yake moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Fotokopi nayo ipate soketi yake. Kama duka lina soketi moja tu, kopi ya siku mbili fanya huku kompyuta ikiwa kwenye soketi ya jirani, muombe. Kagua ekstensheni: plagi ikiwa ya moto ukiishika, au tundu limeungua na kuwa jeusi, hiyo itupe, usimpe hata mtoto wa jirani. Badilisha pia waya wa kompyuta, ule mweusi unaoingia nyuma. Ukilegea kidogo tu, mtu akigusa meza kwa goti mashine inazima.

Wenye UPS mnisikilize vizuri. UPS nyingi ninazozikuta madukani ni mapambo. Betri ya ndani ni ya volti 12, ya asidi, na kwa joto letu ikifika mwaka wa tatu ni bahati. Betri ikifa, kuna UPS zinaendelea kupitisha umeme kama kawaida mpaka siku TANESCO wakipepesa, hapo inaiangusha kompyuta yenyewe. Yaani kitu ulichonunua kikulinde ndicho kinachokuangusha. Jaribu hivi: hifadhi kazi zako, zima programu zote, kisha chomoa plagi ya UPS ukutani. Kompyuta ikizima hapo hapo, betri imekufa au inakaribia. Betri inabadilishwa, huna haja ya kununua UPS nzima.

Na tafadhali, fotokopi au printa ya leza usiichomeke kwenye UPS ndogo. UPS iliyoandikwa 650VA inabeba chini ya wati 400. Unaitwika mzigo wa wati 1,000. Italia, na itaziangusha zote mbili.

Kwa yule dada, kutenganisha soketi peke yake kulipunguza kujizima kutoka mara tatu nne kwa siku mpaka mara moja, na siku nyingine hata hiyo moja haikutokea. Hapo hajatoa hata shilingi. Ile ya mchana ilibaki, nitaifikia.

IFANYE WINDOWS ISEME UKWELI

Windows ina tabia moja ya kuficha mambo. Ikipata hitilafu kubwa, inaonyesha skrini ya bluu yenye maelezo, lakini imepangwa tangu kiwandani ijiwashe upya yenyewe. Kwenye mashine nyingine ile bluu inapita chap, hujasoma hata neno, unadhani imezima tu.

Izuie. Shika kitufe cha Windows na herufi R kwa pamoja, andika sysdm.cpl, bonyeza Enter. Nenda kwenye Advanced, sehemu ya Startup and Recovery bonyeza Settings, toa tiki kwenye mstari ulioandikwa Automatically restart. Basi. Kuanzia hapo, kama tatizo ni la Windows, dereva au kifaa kilichosababisha skrini ya bluu, mashine itaganda na maandishi yake. Piga picha kwa simu, mpe fundi. Picha hiyo inamuokolea saa nzima.

Kama umetoa tiki na bado inakatika ghafla, nyeusi tii, hakuna bluu, geuza macho uelekee kwenye umeme, joto na vifaa.

Kuna na kumbukumbu. Windows na R tena, andika eventvwr, fungua Windows Logs kisha System, angalia muda uleule ulioandika kwenye daftari. Ukikuta namba 41 iliyoandikwa Kernel-Power, usiogope na usidanganyike. Nimeona watu wanauziwa pawa saplai kwa sababu ya namba hiyo tu. Inachosema ni kwamba mashine ilizima bila kuaga. Sababu haisemi. Ukikuta 1074, hiyo ni tofauti: kuna programu au mtu aliyeamuru izime kwa utaratibu, na mara nyingi ni masasisho ya Windows. Hapo dawa ni kwenda kwenye mipangilio ya masasisho na kuweka saa zako za kazi, mfano saa 1 asubuhi mpaka saa 1 usiku, isikuzimie katikati. Ukikuta 1001 yenye jina BugCheck, kulikuwa na skrini ya bluu.

Wanaosema virusi: mwaka 2003 kulikuwa na kirusi kimoja kinaitwa Blaster, kikazisumbua kweli Windows XP, zinajizima zenyewe. Ila hata hicho kilikuwa na adabu, kinaleta kwanza kidirisha kinachohesabu sekunde 60. Mashine inayokatika kama umechomoa waya, virusi mimi namweka mwisho wa foleni.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji kujua lolote. Washa kompyuta, ingia BIOS (kwa mashine nyingi ni F2, F10 au Delete mara tu inapowaka), halafu iache pale pale kwenye skrini ya BIOS nusu saa au saa nzima. Pale Windows haijawashwa. Ikijizima ikiwa pale, fundi asikuguse na habari za kupiga Windows. Lakini isipojizima bado usiisafishe jina, maana pale haifanyi kazi nzito. Fundi anaweza kwenda mbele zaidi, kuiwasha kwa Linux kutoka kwenye flashi na kuiacha icheze video muda mrefu.

FUNGUA, SAFISHA

Chomoa umeme. Sio kuzima tu, chomoa. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili tatu umeme uliobaki uishe, gusa bati la kasha kabla ya kugusa kitu cha ndani. Kisha fungua ubavu.

Utakachokiona, hasa duka lililo kando ya barabara ya vumbi, kinaweza kukutisha. Nimeshakuta blanketi. Juu ya prosesa kuna kipande cha alumini chenye mapezi mengi, na juu yake feni. Vumbi likijaa kati ya mapezi hewa haipiti, prosesa inachemka. Kwa kawaida prosesa ikizidiwa na joto inapunguza mwendo kwanza, mashine inakuwa nzito, halafu joto likizidi kupanda inakata umeme kujiokoa. Kwa hiyo ukiona mashine inaanza kuwa nzito, feni inapiga kelele kama genereta, halafu inazima na kukataa kuwaka mpaka ipoe, huo ni ugonjwa wa joto.

Tumia brashi laini ya rangi, mpya na kavu, au blowa kwa mbali. Zuia feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza, maana ikizungushwa kasi inaharibika. Fanyia nje ya duka, usije ukahamishia vumbi kwenye fotokopi. Usitumie kitambaa chenye maji.

Angalia pia kama kile kipande cha alumini kimekaa imara. Mashine nyingi za zamani za Intel kinashikwa na pini nne za plastiki, na mashine iliyosafiri kwenye kontena kisha kwenye bodaboda, pini moja kuchomoka ni jambo la kawaida. Chini yake kuna pesti inayohamisha joto. Ikikauka na kuwa kama chokaa inabidi ifutwe na kuwekwa mpya. Kama hujawahi, hiyo mwachie fundi.

Wakati uko humo, chomoa kadi za RAM. Zile ni vibao virefu vilivyosimama kwenye nafasi zake, vina kufuli ndogo pembeni. Sugua taratibu zile meno za rangi ya dhahabu kwa ufutio wa penseli, pangusa, rudisha mpaka kufuli ilie. Kama ziko mbili, tumia moja siku nzima, kesho nyingine. Ikijizima na moja tu na sio nyingine, umemkamata. Windows nayo ina kipimo chake: Windows na R, andika mdsched, itajiwasha upya na kuipima RAM.

Kuna kitu kidogo ambacho mafundi wenyewe tunakiruka. Makasha mengi ya zamani yana kitufe cha kuanzisha upya pale mbele, kidogo, chini ya kitufe cha kuwashia. Miaka kumi ya vumbi na vidole, kinanata. Kikinata nusu nusu, mtikisiko wowote ni sawa na kukibonyeza. Waya wake ni mwembamba, unaishia kwenye pini mbili za madabodi. Uchomoe, uone wiki nzima. Hutaumiza kitu, mashine inawaka bila hicho kitufe.

Ile betri ya duara kama sarafu, CR2032, sio mkosaji wa ugonjwa huu. Ikiisha, saa na tarehe zinarudi nyuma, tovuti zinakukatalia, na mipangilio ya BIOS inapotea, pamoja na ile uliyoibadilisha juu. Ibadilishe tu, ni ya bei ndogo.

PAWA SAPLAI

Turudi kwa dada na zile za mchana. Mashine ilishasafishwa, RAM imepimwa haina neno, soketi zimetenganishwa. Bado mara moja kwa siku, saa 8, saa 9, joto limepanda na umeme wa mtaani umelegea. Skrini ya bluu hakuna. Kwenye kumbukumbu 41 tupu.

Nikachukua pawa saplai kutoka kwenye mashine ya aina ile ile iliyokufa madabodi, nikafunga kwake, nikamwambia fanya kazi. Wiki ya kwanza haikuzima. Wiki ya pili nikamwomba arudishe fotokopi kwenye ile ekstensheni ya zamani kwa siku moja, makusudi. Haikuzima pia. Yaani mgonjwa alikuwa mmoja, ekstensheni ilikuwa inamsukuma tu. Ile ya zamani tuliifungulia mezani kwangu: kapasita tatu zimevimba kichwani, moja imevuja uchafu wa kahawia. Kapasita nzima kichwa chake ni bapa kama mfuniko wa chupa. Ekstensheni tuliitupa vilevile, na hela ya kikoba ilienda kwenye boksi za karatasi kabla shule hazijafunguliwa.

Hapa nisisitize kwa herufi kubwa: PAWA SAPLAI USIIFUNGUE MWENYEWE. Kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Wewe ishia kuchungulia kapasita za kwenye madabodi kwa tochi ya simu, hizo ukiona zimevimba mwambie fundi. Ya pawa saplai, kipimo cha kweli ni kuweka nyingine nzima na kuona. Baadhi ya BIOS zinaonyesha volti: ile ya 12 isishuke chini ya 11.4. Lakini ikionyesha sawa bado haijatoka hatiani, maana inaonyesha ikiwa imepumzika, na wewe inakuangusha ikibanwa.

Ukienda kununua, beba ile ya zamani mkononi. Makasha membamba ya maofisini mara nyingi yana pawa saplai ya umbo lake na plagi zake. Ya kawaida haiingii, na kulazimisha waya ni kuchoma madabodi. Angalia nyuma kama ina swichi nyekundu ya 115 na 230. Ikiwepo, lazima isome 230. Mashine zilizotokea Marekani zinaweza kuja zikiwa 115, ukichomeka huku kwetu utasikia mlio na harufu.

KUITENGENEZA AU KUIACHA

Kama ni ekstensheni, vumbi, RAM au pawa saplai, tengeneza bila kusita hata kama mashine ni ya 2011. Kazi ya stesheni haihitaji zaidi. Kama ni madabodi yenyewe, kapasita zake zimevimba, nafasi za RAM zimekufa, mimi kwa mashine ya umri huo naacha. Chomoa hadi diski na RAM, tafuta kasha jingine la aina ile ile. Na kama hadi diski ndiyo inayogonga gonga na kugandisha mashine, hiyo usiitengeneze, okoa mafaili ununue nyingine.

Ukinunua nyingine ya mtumba, usiipime kwa kuiona inawaka. Muuzaji akuwashie, aiache inacheza video angalau saa moja wakati wewe unazunguka sokoni. Ukirudi, kabla ya kutoa hela, fungua ile eventvwr uangalie kama ndani ya saa hiyo kuna 41 mpya. Muuzaji wa kweli hatakukatalia. Na muulize kama ina dhamana ya siku ngapi, akuandikie kwenye risiti, pamoja na namba ya mashine iliyoko kwenye stika ya nyuma.